Shamba la Majini: Habari za Manoomin na Watu Wake

Nafaka zinazolisha umma mkubwa wa wanadamu, yaani mpunga na ngano, mahindi na mtama, zilitiwa nidhamu na jembe zamani mno, hata imekuwa taabu kwa mtu wa leo kuzifikiria zikiishi peke yake bila mkono wa mkulima. Walakini iko nafaka moja, wala si duni kwa ladha au kwa lishe, ambayo kwa karne nyingi haikujua jembe bali ilijua mtumbwi. Nayo ni mbegu ya nyasi ya majini ambayo Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini ambao wengi wao hujulikana zaidi kwa jina la Waojibwe, huiita manoomin, na ambayo wageni waliokuja baadaye waliiita mpunga mwitu. Makao yake ni maziwa na mito ya kina kifupi iliyotapakaa kandokando ya Ziwa Superior, katika nchi ambayo leo ni majimbo ya Minnesota, Wisconsin na Michigan ya Marekani, pamoja na jimbo la Ontario la Kanada.

Madhumuni ya makala haya ni kusimulia habari za nyasi hiyo na watu wake, tangu zama za hijra yao hadi zama za mabwawa na mahakama, na kuthibitisha jambo moja: kwamba kile ambacho macho ya wageni yalikidhania kuwa ni kuokota tu riziki iliyojiotea kilikuwa kwa hakika ukulima timamu, wenye ada zake, sheria zake na wasimamizi wake, isipokuwa shamba lake lilikuwa maji.

Manoomin ni ya jamii moja na mpunga tuujuao, lakini mwenendo wake wa maisha ni mwingine kabisa. Shina lake lote hufa kila mwaka wakati wa baridi, na mmea wa mwaka ujao hauna tegemeo jingine ila mbegu iliyodondoka. Mbegu hiyo, ikianguka mwezi wa Agosti au Septemba, huzama na kujikita katika tope, ikalala humo si chini ya miezi mitatu au minne ndani ya maji yanayokaribia kuganda, na bila ya baridi hiyo haioti. Kadhalika ikikaushwa kabisa aghalabu hufa, ndiyo maana haiwezekani kuihifadhi ghalani kama mbegu ya mahindi ikingojea msimu. Barafu ikisha kuyeyuka, mche huchipuka chini ya maji, na ifikapo mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni majani yake ya kwanza huibuka na kulala juu ya uso wa ziwa. Hizo ndizo siku za hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu mizizi bado ni dhaifu na majani yanaelea, na maji yakipanda ghafula, hata kwa shibiri moja tu, mmea huweza kung'oka kitini pake na mavuno ya mwaka mzima yakapotea kabla hayajaonekana.

Ukisalimika, shina husimama juu ya maji katika mwezi wa Julai, likachanua, na kuanzia mwisho wa Agosti suke huanza kukomaa. Hapo pana siri ambayo desturi yote ya wavunaji imejengwa juu yake, nayo ni kwamba punje za suke moja hazikomai siku moja: zile za juu hutangulia, za chini hufuata, na kila punje iliyoiva hupukutika kwa upepo mdogo au kwa bata anayepita. Mvunaji aliye mchoyo akikata suke zima siku ya kwanza hupata kiasi kidogo kilichoiva pamoja na kingi kibichi kisichofaa, na ziwa likaachwa bila mbegu; ama mvunaji mwenye subira huchukua kilichoiva leo, akarudi baada ya siku chache kuchukua kitakachoiva, na kila mara sehemu kubwa ikaanguka majini kuwa mbegu ya mwakani.

Watafiti wa mambo ya kale wamekuta masalio ya nafaka hii katika maskani za kando ya maziwa zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, kwa hiyo ujuzi wa kuivuna ni mkongwe kuliko taifa lolote linaloivuna leo. Kabla Waojibwe hawajaenea katika nchi hiyo, Wadakota walikuwa na maziwa yao huko Minnesota ya kati, na Wamenominee walikuwa na yao upande wa Green Bay. Mwaka 1673 padre wa Kifaransa, Jacques Marquette, alipopita kwa Wamenominee katika safari yake pamoja na Louis Jolliet, alikuta jina la watu hao midomoni mwa Wafaransa ni jina la nafaka yenyewe, akaeleza katika maandiko yake namna walivyoivuna kwa mtumbwi, walivyoikausha na walivyoitoa kumvi, na maelezo hayo hayapishani sana na yale ambayo mtu angeyaandika leo.

Waojibwe wenyewe husimulia kwamba asili yao ni pwani ya mashariki, karibu na mlango wa mto St. Lawrence, na kwamba waliletewa ubashiri uliowaamuru kuhama na kuelekea magharibi hata wafike mahali ambapo chakula huota juu ya maji. Hijra hiyo ilidumu vizazi vingi, ikiwa na vituo saba ambavyo wazee huvihesabu hata sasa, na miongoni mwa vituo vyake vikuu ni kisiwa cha Mooningwanekaaning, ambacho katika ramani huitwa Madeline, ndani ya Ziwa Superior. Walipoyafikia maziwa yenye manoomin walijua kwamba ahadi imetimia, na kwa ajili hiyo nafaka hii haikuwa kwao chakula tu, bali ni dhamana waliyokabidhiwa. Watoto hulishwa nafaka hii iwe miongoni mwa vyakula vyao vya kwanza, wafu huandaliwa karamu yake, na mwezi mmoja wa kalenda yao hubeba jina la mavuno yake. Wala tusifiche kwamba dhamana hiyo ilileta vita pia, maana katika karne ya 18 Waojibwe na Wadakota walipigana sana, na maziwa ya mpunga yalikuwa sababu moja kubwa ya kumwaga damu.

Sasa natuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Wiki chache kabla ya mavuno, wanawake waliingia majini kwa mitumbwi yao, wakayafunga mashina mafungu mafungu kwa kamba za magome ya mti, na kila aila ikawa na namna yake ya kufunga iliyotambulikana na majirani. Mafungu hayo yalikuwa na faida mbili kwa pamoja: yaliyazuia masuke yasipeperushwe na upepo wala kuliwa ovyo na ndege, na yalikuwa hati ya milki iliyoandikwa juu ya maji, kwa kuwa mtu hakuthubutu kuvuna fungu la mwenziwe. Penye wavunaji wengi, wazee waliojua tabia ya kila ziwa walilitazama kila siku, wakachubua punje chache kwa kucha na kuona kama zimekomaa, na mtu hakuingia mpaka wao waseme. Baada ya siku ya mavuno waliweza kuamuru ziwa lipumzishwe siku moja au zaidi, na mwenye kuasi alifungiwa maji. Kabla ya mtumbwi wa kwanza kushuka, tumbaku iliwekwa majini kwa shukrani, na punje za kwanza zilizokaushwa hazikuliwa ila kwa karamu na dua.

Mtumbwi wa mavuno hupanda watu wawili. Mmoja husimama nyuma akiusukuma kwa upondo mrefu wenye ncha ya panda, ambayo huegemea juu ya mizizi bila ya kuzama topeni wala kuing'oa, maana kasia lingeyavunja mashina. Mwenziwe huketi akiwa na vijiti viwili vya mwerezi, laini na vyepesi, ambavyo sheria ya Minnesota imeviwekea mpaka wa urefu usiozidi inchi 30 na uzito usiozidi ratili moja kwa kila kimoja. Kwa kijiti cha mkono mmoja huinamisha mashina juu ya ubavu wa mtumbwi, na kwa cha mkono wa pili huyapitishia masuke pigo jepesi la kupapasa, kisha huyaachia yasimame tena. Yaliyoiva humiminika ndani kwa mlio kama wa mvua ya manyunyu, na yaliyo mabichi hubaki katika suke. Mvunaji mwema hutambulikana kwa mtumbwi wake: akivuta nyuma yake mashina yaliyovunjika, au katika nafaka yake mkiwa na majani mengi na punje za kijani, wenziwe hujua kwamba amepiga kwa nguvu kuliko haki. Kazi hii haina raha, kwa kuwa ndevu za suke zina vimiiba vinavyopenya nguo na kuchoma macho, na mna funza wadogo wa mpunga wanaouma, hata wavunaji hujifunga nguo kwenye vifundo vya miguu na vya mikono. Lakini kila aandikaye habari za mavuno hayo hutaja pia vicheko na nyimbo zilizosikika kambini usiku.

Nafaka iliyofika ufukoni haikusubiri. Ilianikwa juani juu ya mapande ya gome jeupe, lile lile walilojengea mitumbwi yao, ikageuzwageuzwa kwa mikono na kutolewa vijiti na funza, kwa sababu ikilala katika rundo na unyevu wake huvunda. Kisha ilikaangwa. Kabla ya biashara ya Wazungu watu waliikausha juu ya dari za fito zenye moto wa polepole chini yake, na vyungu vya chuma vilipokuja vikashika mahali pa fito. Chungu hulazwa upande juu ya moto wa kuni ngumu, na mkaangaji hukaa mbele yake akiisukuma na kuirudisha nafaka kwa kafi bila ya kupumzika, maana dakika moja ya kusahau huunguza ratili nyingi. Na huendelea hata kumvi zikauke na kuwa nyepesi za kuvunjika, punje ikageuka rangi kutoka kijani kuwa hudhurungi, na harufu ya moshi ikaingia ndani yake. Harufu hiyo ndiyo ladha ya manoomin halisi, na mwenye kuijua hadanganyiki na nyingine.

Baada ya hapo nafaka ilitiwa katika shimo dogo lililotandikwa mbao au ngozi, na kijana mwepesi wa mwili, aliyevaa viatu vipya vya ngozi laini, aliingia humo akashika mti uliotegeshwa wa kujiegemeza na kuikanyaga kwa hatua za ngoma, akizungusha nyayo ili kumvi zibanduke bila ya punje kuvunjika. Mwisho wa yote ni kupepeta kwa chano cha gome katika upepo wa ziwa. Na mwanamke wa Rufiji au wa Pemba aliyezoea ungo angesimama hapo na kuelewa kila tikisiko la mkono bila ya mkalimani. Kilichobaki baada ya kukaanga, kukanyaga na kupepeta ni nusu ya uzito ulioletwa na mtumbwi, aghalabu pungufu ya nusu, lakini nusu hiyo, ikiwa imekaushwa vyema na kufungwa katika makasha ya gome, huweza kukaa miaka bila ya kuharibika. Waliitia katika mchuzi wa mawindo, wa samaki na wa bata, wakaichanganya na matunda ya porini na sukari ya utomvu wa miti, na katika nchi ambayo baridi yake hugandisha maziwa miezi mitano, kasha la manoomin lililofukiwa ardhini lilikuwa tafauti baina ya uhai na mauti.

Si ajabu basi kwamba wafanya biashara wa manyoya, walioingia bara kwa mitumbwi katika karne ya 18, walitegemea mikono ya wanawake hawa kwa masurufu yao. Alexander Henry, mmoja wa wafanya biashara hao aliyesafiri kuelekea kaskazini magharibi mwaka 1775, alinunua magunia mengi ya nafaka hii njiani, akakiri kwamba safari yake isingetimia bila yake. Biashara kubwa iliyojenga utajiri wa Montreal na London ilikwenda juu ya tumbo lililoshibishwa na ziwa, ingawa majina ya waliolishughulikia ziwa hilo hayakuandikwa katika daftari za hesabu.

Wakuu wa Waojibwe walilijua jambo hili wazi walipoitwa kutia saini mikataba. Katika mkataba wa tarehe 29 Julai 1837, uliofanywa Fort Snelling, waliiachia Serikali ya Marekani eneo kubwa la misitu ya Minnesota na Wisconsin, lakini walidai na wakapewa katika maandishi haki ya kuwinda, kuvua samaki na kuvuna mpunga mwitu katika ardhi, mito na maziwa waliyoyaachia. Si mikataba mingi ya zama hizo inayotaja mmea mmoja kwa jina lake. Walakini iliongezwa sharti kwamba haki hiyo itadumu kwa muda atakaopenda Rais, na mwaka 1850 Rais Zachary Taylor akatoa amri ya kuwaondoa na kuzifuta haki zile. Majira ya kupukutika majani ya mwaka huo huo malipo yao ya kila mwaka yalihamishiwa mbali, Sandy Lake, ambako walingojeshwa wakati wa baridi, wakapewa chakula kilichooza, na watu wapatao 400 wakafa, wengine kambini na wengine katika njia ya kurudi. Mkataba wa La Pointe wa mwaka 1854 ndio uliowapa makao ya kudumu karibu na maji yao.

Baada ya dhuluma ya amri ikaja dhuluma ya wahandisi. Katika miaka ya 1880 jeshi la wahandisi la Marekani lilijenga mabwawa katika vianzio vya mto Mississippi, yakiwemo yale ya ziwa Winnibigoshish na Leech Lake yaliyokamilika mwaka 1884, kwa nia ya kusawazisha maji ya mto kwa ajili ya vyombo na vinu vya chini; maji yakapanda na mashamba ya mpunga yakazama. Mwaka 1923 bwawa la umeme lilifungwa huko Wisconsin, na maji yake yakafunika kijiji cha Waojibwe wa Lac Courte Oreilles, makaburi yao na mpunga wao. Msomaji aliyekwisha kuelewa habari za majani yanayoelea mwezi wa Juni hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini bwawa moja liliweza kuua kilichodumu karne ishirini.

Hapa sharti tuulize: ilikuwaje watu wenye elimu na vipimo wakafanya hivyo bila ya kudhani kwamba wanaharibu shamba la mtu? Jawabu limo katika kitabu kilichotungwa kwa bidii na heshima kubwa. Mwaka 1900 mtaalamu Albert Ernest Jenks alitoa utafiti wake juu ya wavunaji wa mpunga mwitu wa Maziwa ya Juu, kazi ambayo mpaka leo haiepukiki kwa yeyote atakaye kujua habari hizi. Lakini hitimisho lake lilikuwa kwamba nafaka hii, ambayo iliwanufaisha sana wenyeji, ndiyo pia iliyowazuia wasiendelee mbele, kwa sababu iliwapa chakula bila ya kuwataka walime. Alihesabu mitumbwi na ratili, akayaandika mafungu ya mashina na majina ya miezi, na bado hakuuona ukulima, kwa kuwa alikuwa akiutafuta katika udongo uliopinduliwa. Kufunga mashina, kungojea amri ya wazee, kulipumzisha ziwa, kupiga kwa upole ili kibichi kibaki na kilichozidi kianguke, kuipeleka mbegu mbichi katika ghuba ambayo haikuwa nayo, nyingine ikifinyangwa ndani ya tonge la udongo ili izame mahali pake: haya yote ni kazi ya mkulima. Tafauti yake na kazi ya jembe ni kwamba jembe huitiisha ardhi, na desturi hii humtiisha mvunaji.

Jimbo la Minnesota lilikuja kulikubali jambo hili kwa sehemu, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1939 sheria yake ilipiga marufuku mashine katika maziwa ya mpunga, ikashurutisha mtumbwi wa upondo na vijiti viwili, na saa za kuvuna zikawekewa mpaka. Hiyo ni kusema kwamba serikali iliandika kwa wino yale ambayo wazee walikuwa wakiyatoa kwa kauli. Tena mtaalamu wa viumbe wa jimbo hilo, John Moyle, alipopima maji ya maziwa mengi, aliona kwamba manoomin haistawi penye chumvi nyingi ya salfeti, na kutokana na uchunguzi wake ikawekwa kanuni mwaka 1973 kwamba maji ya mpunga yasizidi miligramu 10 za salfeti kwa lita. Sababu yake imefahamika vyema zaidi katika miaka ya karibuni: salfeti itokayo migodini, ikifika katika tope lisilo na hewa, hugeuzwa na vijidudu kuwa salfaidi, ambayo ni sumu ya mizizi. Migodi ya chuma ni riziki ya maelfu ya watu kaskazini mwa jimbo hilo, na kwa hiyo kanuni hiyo imekuwapo kitabuni kwa muda mrefu kuliko ilivyotekelezwa.

Wakati huo huo nafaka yenyewe ilitiwa jembe hatimaye. Mwaka 1950 James na Gerald Godward walianza kuipanda karibu na Merrifield, Minnesota, katika jaruba la ekari moja lililozungushiwa kuta za udongo, wakalijaza maji na kuyatoa wakati wa kuvuna. Mwaka 1963 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipata mimea ambayo punje zake hazipukutiki upesi, na tangu hapo mashine ya kuvunia ngano iliweza kuingia. Makampuni makubwa ya chakula yakaja na fedha, mbegu ikapelekwa California, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 jimbo hilo, ambalo manoomin haikuwa zao la asili yake, lilikuwa likiizidi Minnesota kwa wingi. Bei ikaanguka, na aila za Waojibwe zilizokuwa zikinunua nguo za shule za watoto kwa fedha ya mavuno zikaona soko likizikimbia. Sisemi kwamba mkulima wa jaruba ni mwizi, maana hufanya kazi halali na hulisha watu. Lakini kitu alichokichukua ziwani ni punje tu. Punje yake aghalabu huwa nyeusi na ngumu, hutaka karibu saa nzima jikoni, ilhali ile ya ziwani iliyokaangwa kwa kuni huiva kwa nusu ya muda huo au chini yake. Na kwa hiyo haki ya mnunuzi kujua ipi ni ipi ikabidi ilindwe kwa sheria ya kuandika asili yake juu ya kifurushi.

Ama haki ya maji, Waojibwe waliifuata mahakamani. Tarehe 24 Machi 1999 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilihukumu kwamba haki za mkataba wa 1837 zingali hai, na kwamba amri ya Rais Taylor haikuwa na nguvu ya kuzifuta. Ikawa kauli iliyoandikwa kwa ajili ya nyasi moja imeishi kuliko amri, mabwawa na karne nzima ya kupuuzwa. Mwisho wa mwaka 2018 Waojibwe wa White Earth walikwenda mbali zaidi, wakatunga sheria inayosema kwamba manoomin yenyewe ina haki ya kuwapo, kustawi na kuzaana upya, na mwaka 2021 wakaishitaki kwa jina lake idara ya maliasili ya jimbo kwa sababu ya maji yaliyoruhusiwa kutolewa katika ujenzi wa bomba la mafuta. Shauri hilo lilitupwa mwaka 2022 na mahakama yao wenyewe ya rufani, iliyoona kwamba haina mamlaka juu ya matendo ya wasio wananchi wake nje ya mipaka yao. Wengine walilicheka shauri la nyasi kushitaki. Lakini anayekumbuka ubashiri wa kale, ulioihesabu nafaka hiyo kuwa dhamana, ataona kwamba sheria ile haikuleta jambo geni, bali imesema kwa lugha ya mahakama mambo ambayo wazee walikuwa wakiyasema kwa tumbaku na dua.

Na kazi ya majini haijakoma. Huko Bad River, Wisconsin, mabwawa ya asili ya Kakagon, ambayo wenyeji wameyalinda tangu mkataba wa 1854, yaliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima chini ya mapatano ya Ramsar. Minnesota iliifanya nafaka hii kuwa nafaka ya jimbo mwaka 1977, na Michigan ikafanya vivyo hivyo mwaka 2023, baada ya kupoteza sehemu kubwa ya mashamba yake ya kale kwa ukaushaji wa ardhi na ujenzi. Katika maziwa mengi sasa vijana hufundishwa kuchonga vijiti na kukaanga, na mbegu mbichi, isiyokaushwa, hubebwa kutoka ziwa lenye neema na kutupwa kwa mkono katika ziwa lililofilisika. Si kila kupanda hufanikiwa. Ziwa lililopandwa hutaka miaka kadhaa ya kuachwa bila ya kuvunwa, na hutaka mwenye bwawa akubali kuyatuliza maji yake mwezi wa Juni.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloeleza yote. Mbegu ipo, na mikono ipo. Kinachotafutwa ni mapatano ya watu juu ya maji, na mapatano hayo ndiyo yaliyokuwa kiini cha ukulima huu tangu mwanzo. Katika nchi yoyote, mwenye mamlaka ya kufunga mto, kukausha bwawa au kugawa ufuko, akiambiwa kwamba mahali hapo hapana shamba bali pana majani tu, asiridhike na kutoona matuta. Na aulize kwanza kama wako watu wanaokutana kabla ya msimu ili kuamua siku ya kuvuna, na kama yuko anayekatazwa kuvuna kabla ya siku hiyo. Wakipatikana, basi ajue kwamba amesimama shambani, na kwamba wenye shamba wanastahili kuulizwa.